Tokeni ya Mita ya Jirani: Kweli na Uongo Kuhusu Windows za Bei ya Kutupa

Ufunguo uliingia kwa WhatsApp saa mbili usiku: herufi na tarakimu 25, zimekatwa kwa vistari katika mafungu ya tano tano. Pamoja nao kulikuwa na kijifaili kidogo na maagizo ya mstari mmoja: weka ufunguo, bofya faili mara mbili, subiri. Nilikuwa nimelipa shilingi 1,500 kwa muuzaji niliyempata mtandaoni, mwenye picha ya duka linalong'aa na maneno "original, lifetime" juu yake. Nikaweka, nikabofya, nikasubiri. Kompyuta ikakubali. Nililala nikijiona mjanja, maana Windows 11 Pro kwa Microsoft wenyewe ni dola 199, zaidi ya shilingi 25,000, na mimi nimeipata kwa bei ya kilo mbili tatu za samaki aina ya changu.

Mwezi wa sita ulipokuwa unakatika, maandishi ya kijivu yalijitokeza pembeni chini ya skrini: "Activate Windows". Nikamwandikia muuzaji. Tiki moja. Kesho yake, tiki moja.

Niliipeleka kwa kijana mmoja anayetengeneza kompyuta Ukunda, si mbali na njia panda ya kwenda Diani. Hakugusa hata skrubu. Alifungua dirisha jeusi, akaandika slmgr /dlv, kikatokea kisanduku kilichojaa maneno. Akaweka kidole kwenye neno moja: VOLUME_KMSCLIENT.

"Dada, uliambiwa hii ni ya maisha?"

"Ya maisha."

"Maisha ya nani?" Alicheka kwa adabu, kisha akaongeza la pili. "Na umeajiriwa na kampuni gani?"

Nikamwambia sijaajiriwa popote, mimi naandika.

"Basi leseni hii si yako. Ni ya mtu aliyeajiriwa."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitega sikio watu wanapozungumzia programu za bei ya kutupa: ndani ya matatu za Likoni, kwenye saiba za Msambweni, katika chumba cha walimu nilikokwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Kauli ni zilezile, na zinasemwa kwa uhakika uleule niliolala nao usiku ule.

"Ikikubali, ni halali."

Si kweli, na hapa ndipo tunapopotea wengi, kwa sababu tunakagua kitu ambacho hakikuwa na shaka.

Windows yenyewe haifichwi. Yeyote anaweza kuipakua bure kwenye tovuti ya Microsoft, nakala safi kabisa, akaiweka kwenye mashine yake. Itafanya kazi huku ikinung'unika pembeni ya skrini na kumkatalia kubadilisha picha ya mandhari. Kinachouzwa ni ruhusa ya kuitumia. Ruhusa haina rangi wala uzito, haisikiki ukiigonga kama nazi.

Sisi watu wa Pwani tungelielewa hili kuliko wengine. Kiwanja kimoja cha Diani kinaweza kuuziwa watu watatu, na kila mmoja akapelekwa akaonyeshwa: minazi hii hapa, kisima kile, upepo wa bahari huu. Hakuna aliyedanganywa kuhusu minazi. Minazi ipo. Kilichokuwa bandia ni hati, na hati huikagui kwa kusimama kiwanjani. Unakwenda ofisi ya ardhi Kwale ukafanya upekuzi. Kompyuta kukubali ni lango la kiwanja kufunguka, na lango humfungukia hata asiye mwenyewe.

Leseni niliyouziwa ni ya aina iitwayo KMS. Kampuni yenye mamia ya kompyuta haikai kuandika herufi 25 kwenye kila mashine. Huweka seva moja ndani ya mtandao wake, na kila kompyuta huenda pale kupiga hodi na kupewa ruhusa ya siku 180. Kila baada ya siku saba kompyuta hupiga hodi tena, na hesabu huanza upya. Mfanyakazi akitoroka na laptopu ya kampuni, zikipita siku 180 bila hodi, ruhusa imekwisha. Kijifaili cha muuzaji wangu kiliielekeza kompyuta yangu ipige hodi kwenye seva fulani huko duniani, isiyo ya Microsoft wala ya mwajiri yeyote wangu, na seva hiyo ilipozimwa siku zikaanza kuyeyuka. Na ule ufunguo wa herufi 25? Funguo za KMS za upande wa kompyuta za kawaida zimechapishwa wazi na Microsoft kwenye tovuti yake, kwa kuwa peke yake hazifungui chochote. Nililipia tangazo lililobandikwa ukutani.

Zipo aina nyingine. Kuna ufunguo wa MAK, ambao shirika hupewa ukiwa na idadi maalumu ya mashine. Mtu wa ndani akiuvujisha, unauzwa kwa wageni mpaka idadi iishe au Microsoft iufunge. Kuna funguo wanazopewa waandishi wa programu kwa ajili ya majaribio, na za wanafunzi. Kuna zilizonunuliwa kwa kadi ya benki iliyoibwa, ambazo hufungwa mwenye kadi akilalamika. Zote hizi, siku ya kwanza, zinakubali. Kuna hata mbinu zinazoifanya kompyuta isome kwamba imeidhinishwa daima, ilhali hakuna aliyelipwa wala aliyeruhusu.

Kwa hiyo ukiandika ile amri ya dirisha jeusi ukaona neno VOLUME kwenye kompyuta yako ya nyumbani, jiulize lile swali la kijana wa Ukunda. Kwa upande wa Office ni rahisi zaidi, huhitaji hata amri. Toleo liitwalo Professional Plus hutolewa kwa mashirika kwa mkataba wa leseni za wingi. Halikutengenezwa kuuzwa moja moja kwa mama mwenye duka la dawa Kombani. Na hiyo "Microsoft 365 ya maisha" inayotangazwa kila kona haipo, kwani Microsoft 365 hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, kama kodi ya nyumba. Ukiuziwa, mara nyingi unapewa jina na nywila vilivyoundwa tayari ndani ya akaunti ya chuo au shirika usilolijua, pamoja na nafasi ya kuhifadhi faili zako. Msimamizi wa akaunti hiyo anaweza kubadilisha nywila yako akitaka, au kuifuta akaunti pamoja na picha za harusi ya mwanao.

"Muuzaji ana nyota tano na maoni mia mbili."

Nyota zinaweza kuwa za kweli, zinapimwa tu siku isiyofaa. Mnunuzi huandika maoni jioni ile ile, akiwa na furaha niliyokuwa nayo mimi. Asiyekuwa na furaha ni mtu wa mwezi wa sita, na huyo hana hata njia ya kurudi kuandika, tangazo limeshafutwa. Nayo majukwaa makubwa ya matangazo, ambayo wengi wetu tunayaita maduka, kwa sehemu kubwa ni uwanja wa soko: mwenye uwanja anakodisha kibanda, samaki si wake.

"Laptopu ya ex-UK ukiinunua, lazima ununue na Windows."

Mara nyingi si kweli, na huu ndio uongo uliowala watu fedha zaidi katika pwani hii kuliko mwingine wowote kwenye makala haya. Naweza kukosea kwa kulinganisha, lakini mimi mwenyewe nimo ndani.

Fikiria tokeni ya stima. KPLC wakikutumia zile tarakimu 20, zimefungwa kwa nambari ya mita yako. Jirani hawezi kuziweka kwake, nawe huwezi kuweka zake, hata mkiwa mnashiriki ukuta. Leseni ya Windows inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani, inayoitwa OEM, ni hivyohivyo: imefungwa kwa kompyuta ile ya kwanza, kwenye ubao wake mkuu. Haihami. Anayekuuzia "ufunguo wa OEM" kwa WhatsApp bila kompyuta anakuuzia tokeni ya mita ya jirani.

Sasa ugeuze upande wa pili. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wa laptopu huuchoma ufunguo huo ndani ya chipu ya mashine yenyewe. Zile laptopu za ofisi zilizotumika Uingereza, zikaletwa kwa makontena na kuuzwa Mombasa, nyingi zilizaliwa na Windows Pro ndani yao. Ukiifuta diski yote ukaweka upya toleo lilelile kutoka tovuti ya Microsoft, kompyuta ikiunganishwa na intaneti huusoma ufunguo wake na kujiamilisha bila kukuuliza. Tokeni imo ndani ya mita tayari.

Mnadhani kijana wa Ukunda aliniuzia nini? Alipiga Windows upya kwa flashi, akachukua shilingi 500 za kazi yake, na maandishi ya kijivu hayakurudi. Mashine yangu ilikuwa na haki yake tangu siku nilipoivusha kivuko cha Likoni ikiwa kwenye mkoba. Nilinunua haki ya mtu mwingine nikaiweka juu ya haki yangu.

Uongo huu umepata mdogo wake. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wauzaji wakaamka: "Windows 10 imekufa, nunua ufunguo wa 11." Mwenye Windows 10 halali huhamia 11 bure, ikiwa kompyuta inaweza kuibeba. Na hapo ndipo penye tatizo lisiloweza kutatuliwa na ufunguo wowote: Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa mashine za Intel, prosesa kuanzia kizazi cha nane. Laptopu ya kizazi cha sita, na zimejaa huku, haikubaliki rasmi hata ukiwa na leseni kumi. Kabla ya kulipa chochote, soma kizazi cha mashine yako: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane. Hadi kizazi cha tisa, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayosema; kuanzia cha kumi, ni mbili za kwanza.

Stika? Stika yenye hologramu iliyobandikwa chini ya laptopu ya zamani ilikuwa na maana enzi za Windows 7. Leo karatasi iliyokatwa na kubandikwa tena inathibitisha kwamba mtu ana mkasi.

"Ni ya bei ya chini kwa sababu imetoka Ulaya."

Nusu kweli, na nusu hiyo inafaa kujulikana, kwa sababu wauzaji wajanja huitumia kama hirizi.

Tarehe 3 Julai 2012, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi kati ya UsedSoft, kampuni ya Ujerumani iliyouza leseni zilizokwishatumika, na Oracle. Mahakama ilisema kwamba mwenye programu akishaiuza kwa muda usio na mwisho, hawezi kumzuia mnunuzi kuiuza tena. Ndiyo maana Ulaya kuna soko halali la leseni za mtumba, kama vile sisi tulivyo na soko la nguo za mtumba. Lakini mahakama hiyo hiyo iliweka masharti: anayeuza lazima aifanye nakala yake isitumike tena, na aliyenunua leseni moja ya watumiaji wengi hawezi kuikatakata na kuuza nafasi zilizobaki. Sasa muuzaji anayetuma ufunguo uleule wa MAK kwa mtu wa Tiwi na kwa mtu wa Gdansk, bila kuonyesha kwamba nakala ya kwanza imezimwa, hatimizi masharti hayo. Isitoshe, uamuzi huo ni wa Ulaya. Kenya haimo katika Umoja wa Ulaya, hata kama ufuo wa Diani wakati wa Krismasi unaweza kukuchanganya.

"Zima kinga ya virusi kwanza, inapiga kelele bure."

Hapa sina mzaha.

Maagizo ya wauzaji wengi yana sentensi hiyo. Na kwa kuwa kijifaili cha kuamilisha kwa kweli hukamatwa na kinga ya virusi hata kama hakina kingine ndani yake, sentensi inasikika ya busara. Fundi anasema, mteja anazima. Ukishazima, umemfungulia kila aliyekuja amevaa nguo za kijifaili kile. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala za uongo za KMSPico, kile kifaa maarufu cha kuamilisha Windows na Office kwa wizi, zilivyokuwa zikisambaza Cryptbot, programu inayochota nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Familia ya virusi ya STOP, inayoitwa pia Djvu, iliyojulikana tangu 2018, imeishi kwa miaka juu ya programu zilizovunjwa kufuli: unashusha "krak", faili zako zote zinafungwa, unadaiwa mamia ya dola.

Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore kilinunua kompyuta mpya zilizowekwa programu bandia katika nchi kadhaa za Asia, na kikasema asilimia 92 ya kompyuta hizo zilikuwa na virusi kabla hazijatumika. Utafiti ulilipiwa na Microsoft, kwa hiyo uusome kwa tahadhari. Lakini hata ukipunguza nusu, ni nani angenunua maji yenye asilimia 46 ya kipindupindu?

Fikiria saiba moja ya Ukunda asubuhi ya Juni, mwezi wa mwisho wa kuwasilisha ritani. Foleni iko mpaka nje. Kwenye kompyuta moja wamepita watu arobaini: PIN za KRA, nywila za eCitizen, nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua pepe za nyumba za kupangisha watalii. Ikiwa Windows ya kompyuta hiyo ilikubalishwa kwa kijifaili cha shilingi 1,500, aliyenunua bila kujua ni mwenye saiba, lakini watakaolipa ni wale arobaini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimtazami mwenye saiba kama mtu aliyekodisha kiti tu. Akishika data za watu, ana wajibu wa kuzilinda.

Na kama mtu anakuuzia kinga ya virusi pamoja na Windows, jua kwamba Windows 10 na 11 zina Defender ndani yake, bure, na kwa mtumiaji wa kawaida inatosha. Ndiyo hiyo hiyo wanayokuambia uizime.

"Nilinunua bila kujua, sheria hainihusu."

Inategemea kompyuta iko sebuleni au kazini.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi, jamaa ya riwaya na diwani, jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Kwa sheria hiyo, kosa la jinai la kuwa na nakala haramu linamhusu aliye nayo kwa matumizi yasiyo yake binafsi na ya nyumbani. Mwanafunzi anayeandika insha nyumbani Gazi si huyo. Saiba, shule ya kibinafsi, ofisi ya wakala wa nyumba, hoteli yenye kompyuta tatu za mapokezi, hao wanaweza kuwa ndio. Wana mlango wa kutokea: wakithibitisha kwamba walitenda kwa nia njema na hawakuwa na sababu ya maana ya kushuku. Neno zito hapo ni kuthibitisha. Mzigo uko kwao, si kwa mshtaki. Na mtu atathibitishaje nia njema kwa Windows ya shilingi 1,500, kutoka kwa mtu asiye na jina la duka, bila risiti, na maagizo ya kuzima kinga ya virusi? Mali bila daftari hupotea bila habari, na nia njema bila risiti nayo ni hivyo.

Anayeuza yuko pabaya zaidi. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 inampa mkosaji wa mara ya kwanza kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya bidhaa, au vyote viwili. Si sheria ya kwanza, wala migogoro hii si mipya. Mwaka 2001 Microsoft ilikuwa Mahakama Kuu, Milimani, ikiishtaki Mitsumi Computer Garage ya Nairobi kwa mambo ya hakimiliki. Ajabu ni kwamba mawakili wa Kenya wanaitaja kesi hiyo mpaka leo si kwa sababu ya programu hata kidogo, bali kwa aliyoyasema Jaji Ringera kuhusu taratibu za mahakama kutokuwa mabibi wa haki. Programu zilipita, taratibu zikabaki.

"Anayeumia ni Bill Gates tu."

Bill Gates aliacha kazi ya kila siku Microsoft mwaka 2008 na akatoka kwenye bodi mwaka 2020. Hana habari na shilingi zako 1,500. Zilikwenda kwa muuzaji, zote. Hata yule anayeamini kwamba kumwibia tajiri si wizi, hapa hakumwibia tajiri, aliibiwa yeye.

Ninakiri kwamba hasira ya watu kuhusu bei ina msingi. Shirika la BSA, ambalo ni la kampuni za programu zenyewe, lilikadiria kuwa mwaka 2017 asilimia 74 ya programu kwenye kompyuta za Kenya hazikuwa na leseni, ilhali dunia nzima ilikuwa asilimia 37. Watu wengi kiasi hicho hawawi wezi kwa asili. Bei ya Marekani inapoletwa kwa mshahara wa Msambweni, soko la kando litazaliwa tu.

"Pesa ya M-Pesa ikienda, imeenda."

Si lazima, ila saa ni adui. Ukigundua mapema, peleka ujumbe wote wa muamala kwenda 456. Huduma hiyo iliwekewa waliokosea nambari, na mpokeaji akishazitoa fedha hakuna cha kurudisha. Baada ya hapo, piga picha za mazungumzo kabla muuzaji hajayafuta, nenda kituo cha polisi ukaandikishe, uchukue nambari ya OB. Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ina ofisi Mombasa. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inamkataza muuzaji kukueleza uongo kuhusu anachouza, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora wa maana na habari zinazohitajika kuitumia. Ukimjua muuzaji ni nani na yuko wapi, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka imalize kwa siku 60.

Ukimjua. Hapo ndipo mambo hukwama. Jina la mpokeaji linalotokea kabla hujabonyeza kutuma ndilo kitu cha thamani kuliko vyote katika biashara ile: liandike. Mimi sikuliandika. Nilikuwa na haraka ya kuwa mjanja.

"Bila Office ya kununua, kazi haiendi."

Si kweli kwa wengi, ni kweli kwa wachache. Barua, ratiba ya shule, hesabu ya duka, CV: LibreOffice inafanya vyote bure, kihalali, na ipo tangu 2010. Word na Excel zenyewe hutumika bure ndani ya kivinjari kwa mwenye akaunti ya Microsoft, na shule inaweza kuomba Office 365 A1 kwa wanafunzi na walimu bila malipo. Wala si mambo ya kigeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta iliyozungumza Kiswahili, wakati wengi wetu tulikuwa bado tunatafuta kitufe cha kuwashia.

Kinachowashika watu wa saiba ni fomu za ritani za KRA zenye makro za Excel. Ukiangalia vizuri pale iTax unapochagua fomu ya kupakua, kando ya Excel kuna ODS, aina ya faili inayofunguliwa na LibreOffice. Wamiliki wawili wa saiba niliowaonyesha walidhani ni kosa la uchapishaji. Lakini mhasibu anayepokea majedwali yenye makro nzito kutoka kwa wateja kila siku atahitaji Excel yenyewe, na huyo anunue mahali panapotoa risiti yenye jina la duka.

Muuzaji wangu alibadilisha nambari, lakini picha ya lile duka linalong'aa niliiona tena juzi, rafiki alipokuwa akinipitishia stetasi zake tukisubiri kivuko upande wa Likoni. Chini yake kulikuwa na maandishi ya dhahabu: "Office 365 LIFETIME, 800/- tu, ofa ya Idd. Zima antivirus kabla ya kuweka."